Kwa nini jeshi langu la Uingereza linafia jangwani?

Swali: "Shikamoo kaka. Nacheza Medieval II: Total War kwenye simu, nimechukua Uingereza. Papa katangaza Vita vya Msalaba kwenda Yerusalemu, nikapeleka jeshi kamili la vikosi 20: jemadari, vikosi 11 vya farasi wa deraya nzito, vinne vya upinde na vinne vya mikuki. Kila nikikutana na Misri jangwani, wapiga mishale wao wa farasi wananizungusha mpaka askari wangu wanatweta, halafu wananimaliza. Nimejaribu mara tano. Wao ni wachache kuliko mimi na deraya zao ni nyepesi. Nakosea wapi? Na je, nianze kampeni upya? Nimehifadhi mchezo zamu tatu nyuma, meli zangu zikiwa bado baharini." (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma orodha ya jeshi lako nikacheka peke yangu, maana ni jeshi langu mwenyewe la siku nilizokuwa naanza. Mimi nilikuwa na farasi wa deraya vikosi 12. Nilipigwa na Wamisri ambao hawakufika hata nusu ya watu wangu. Jemadari alifia kwenye kona ya uwanja, peke yake, akiwa anawafukuza watu ambao farasi wake asingewakamata hata angepewa mabawa. Nilizima kompyuta nikaenda kulala na njaa.

Kabla ya kukujibu nataka ufanye jambo moja. Ukipigwa tena, usiharakishe kufunga ule ukurasa wa matokeo. Tazama ni watu wangapi uliopoteza kabla vikosi vyako havijainua bendera nyeupe, na wangapi baada ya hapo. Utakuta wengi walikufa wakiwa wamegeuza mgongo. Mishale ilichonga tu, kilichowaangusha ni kuishiwa pumzi. Na pumzi hiyo hukunyang'anywa na Wamisri, uliimwaga mwenyewe kwa kidole chako.

Mchezo huu unahesabu pumzi kwa ukali kuliko wachezaji wengi wanavyojua. Kila kikosi kina ngazi sita za uchovu, kuanzia mtu aliyeamka sasa hivi hadi mtu aliyekwisha kabisa. Kadiri kinavyoshuka ngazi, kasi yake inapungua, mkono wake unalegea, na moyo wake unakaribia kuvunjika. Ukigusa kikosi utaiona hali yake imeandikwa. Sasa, ndani ya mafaili ya mchezo kila kikosi kimepewa pia namba yake ya joto: kiasi gani jua la jangwani litakiumiza. Farasi wa deraya wa Ulaya wana namba mbaya, askari wepesi wa Misri wana namba nzuri. Kuna namba nyingine nne za ardhi, yaani vichaka, mchanga, msitu na theluji, na vikosi vya watu wa jangwa hupewa nyongeza kwenye mchanga. Kwa hiyo mbio ya dakika moja Normandy na mbio ya dakika moja karibu na Gaza ni bei mbili tofauti. Wewe unalipa bei ya Gaza ukiwa na hesabu ya Normandy kichwani.

Ngoja nikusimulie pambano lako, nione kama nimekosea. Limeanza, wapiga mishale wao wa farasi wakasogea mbele, wakaanza kukudondoshea. Ukaona farasi wako wanaanguka mmojammoja, roho ikakuuma, ukatuma vikosi vitatu viwafukuze. Wale wamewekwa katika hali ya kujitenga, adui akisogea wao wanarudi, na wanarudi huku wanapiga. Vikosi vyako vitatu vikafika mbali, nawe ukaogopa visizungukwe, ukaongeza vitatu vya kuviokoa. Sasa una farasi sita nje, mikuki yako imesimama nyuma haina wa kumlinda, wapinde wako wanapiga hewa kwa sababu adui ametoka kwenye masafa yao. Dakika chache baadaye farasi wako wanatembea kama punda wa mwisho wa siku. Hapo ndipo farasi wao wazito, waliokuwa wamesimama kivulini muda wote, wakaja mwendo wa kati, bila haraka. Ni kama beki anayemfuata winga hadi kwenye kibendera cha kona: hata akimpata, goli limeshafungwa kwingine.

Kosa hili si lako wala langu tu. Lilifanywa na mfalme halisi, tarehe 3 na 4 Julai 1187, na likampotezea ufalme.

Guy wa Lusignan, mfalme wa Yerusalemu, alikuwa amepiga kambi Saffuriya, penye chemchemi. Wanahistoria wengi wanakadiria alikuwa na watu kama 20,000, kati yao wapiganaji wa farasi wa deraya kama 1,200. Salahuddin Ayyubi, akiwa na watu kama 30,000, akauzingira mji wa Tiberia ulio kando ya ziwa, umbali wa kilomita 25 hivi. Ilikuwa chambo. Ndani ya ngome ya Tiberia alikuwamo Eschiva, mke wa Raymond wa Tripoli, na ni Raymond huyohuyo aliyewaambia wenzake wasiende: jua ni kali, njiani maji hayatoshi, mke wangu mwacheni, tutamkomboa baadaye. Usiku ule Gerard de Ridefort, mkuu wa Templar, chama cha watawa wapiganaji, akaingia hemani kwa mfalme akambadilisha mawazo. Asubuhi jeshi likaondoka kwenye maji.

Kilichofuata unakijua, kwa sababu kimekupata mara tano. Wapiga mishale wa farasi waliwaandama nyuma na ubavuni siku nzima, kikosi cha nyuma kikashindwa kusogea, jeshi likalala nyikani bila maji, na ziwa liko mbele yao. Salahuddin alikuwa na ngamia wanaopandisha maji ya ziwa kwenye viriba kuja kwa watu wake. Mwandishi wake, Imad ad-Din, anataja ngamia 70 waliobeba mishale ya akiba, ili podo lisikauke. Asubuhi nyasi kavu zikawashwa moto, moshi ukaelekezwa kwa watu ambao koo zao zilikuwa zimekauka tayari. Askari wa miguu wakavunja safu, wakakimbilia kilimani. Hapo farasi wakabaki bila ngao mbele yao, na ndio mwisho wa habari. Raymond alifanya shambulio moja kali la farasi. Taqi ad-Din, mpwa wa Salahuddin, akafungua tu safu zake akampisha. Raymond akapita katikati, akajikuta upande wa pili, mlango umefungwa nyuma yake. Akaenda zake.

Hilo la mwisho lisome mara mbili. Shambulio bora kabisa la farasi wazito, limeongozwa na mtu mwenye akili kuliko wote pale, na jibu lake lilikuwa kupishwa njia. Guy alikamatwa kwenye Pembe za Hattin, na kitu cha kwanza Salahuddin alichompa ni kinywaji kilichopozwa kwa theluji. Tarehe 2 Oktoba mwaka uleule Yerusalemu ikawa mikononi mwa Salahuddin.

(Hattin, kusema kweli, si jangwa la mchanga. Ni vilima vya Galilaya, vikavu wakati wa kiangazi. Mchezo ndio unaopaka rangi ya mchanga karibu kila kitu kuanzia Antiokia kushuka. Tusiudai sana.)

Sasa dawa. Nayo imo katika historia hiyohiyo, na wewe unayechezesha Uingereza una haki nayo zaidi ya mtu mwingine, kwa kuwa mwenye dawa alikuwa mfalme wako. Miaka minne baada ya Hattin, Richard wa Kwanza aliondoka Acre kushuka Yafa, na Salahuddin akiwa ubavuni mwake siku zote. Angalia alivyopanga. Upande wa kulia aliweka bahari. Farasi wa Salahuddin hawawezi kuzunguka baharini, kwa hiyo nusu ya duara lao ikafutika kabla ya vita. Merikebu zikamfuata zikiwa na chakula. Upande wa kushoto, wa nchi kavu, akaweka askari wa miguu wenye mikuki na pinde za kufyatua, ukuta unaotembea, na farasi wakawa ndani yake. Askari wa miguu aliwagawa nusu kwa nusu: nusu wako kwenye mishale, nusu wanatembea upande wa bahari na mizigo wakipumzika, kisha wanapokezana. Walitembea asubuhi, jua likipanda wanasimama. Baha ad-Din, aliyekuwa upande wa Salahuddin na akayaona kwa macho yake, ameandika juu ya askari wa miguu waliokuwa na mishale hadi kumi imenasa kwenye mavazi yao mazito, wanaendelea kutembea kwenye mstari kama hakuna kitu.

Tarehe 7 Septemba 1191, karibu na Arsuf, Salahuddin akabana kwa nguvu zote. Hospitaller, chama kingine cha watawa wapiganaji, waliokuwa nyuma walikuwa wanapoteza farasi wengi, mkuu wao Garnier de Nablus akamwendea Richard kuomba ruhusa ya kushambulia. Akakataliwa. Wakavumilia, wakavumilia, mpaka wawili wakavunja safu wakatoka, na wengine wakafuata. Richard hakuwaacha peke yao, alitupa farasi wote kwa mpigo mmoja. Na kwa kuwa Waislamu walikuwa wamesogea karibu mno, wengine hata wameshuka farasi ili wapige vizuri zaidi, mara hii hapakuwa na nafasi ya kupishana. Kisha likaja jambo ambalo Guy asingeliweza, na ambalo wewe hujalifanya hata mara moja: Richard aliwazuia wasifukuze mbali. Wakasimama, wakajipanga, wakashambulia tena, wakasimama.

Basi jeshi lako lijenge kwa mfano huo. Farasi 11 ni wengi mno kwa safari hii. Bakiza wanne, na jemadari wa tano. Nafasi zilizobaki ziwe za watu wa miguu: wapiga upinde mrefu wasipungue sita, mikuki sita, na kama una watu wa panga wenye deraya weka viwili vya kuziba pengo. Najua unawaza deraya za hao wa panga. Hazina shida, wao hawatakimbia. Joto linamla anayekimbia.

Upinde mrefu ndio utajiri wa Uingereza na wewe umechukua vikosi vinne tu, kama mtu wa Pwani anayekwenda safari akasahau nazi. Kikosi cha miguu kina watu wengi kuliko kikosi cha farasi, kwa hiyo kila mvua ya mishale yako ni nzito kuliko yao. Mtu wa miguu ni shabaha ndogo, farasi ni shabaha kubwa. Na upinde huo unafika mbali, tena unatoboa deraya. Wapiga mishale wa farasi wanaogopwa na watu wasio na upinde. Ukisimama nao mshale kwa mshale, wewe umetulia na wao wanazunguka, hesabu inageuka upande wako, na inageuka haraka. Zima mishale ya moto, isipokuwa unapotaka kuvunja moyo wa kikosi ambacho tayari kinayumba. Inatisha, lakini shabaha yake ni mbovu.

Sehemu ambayo wachezaji wengi wanairuka ni ramani kubwa, ile ya kusogezea majeshi zamu kwa zamu, na pambano nusu yake linaamuliwa pale. Uwanja wa vita unatengenezwa kutokana na mahali jeshi liliposimama kwenye ramani. Umelaza jeshi kwenye tambarare ya mchanga, utapigania kwenye tambarare ya mchanga. Umelilaza penye kivuko cha mto, utapigania darajani, na daraja ni kaburi la wapiga mishale wa farasi kwa sababu hawana pa kuzungukia. Kwa hiyo kila unapobonyeza kumaliza zamu, jiulize: wakinijia usiku huu, nitakuwa nimesimama juu ya nini?

Lingine la ramani: wewe usiwe mshambuliaji. Ukiwa umeweka muda wa pambano, mshambuliaji asiposhinda kabla muda haujaisha, ameshindwa. Mtu mwenye farasi wepesi akijua hilo anaweza kukuchezea mpaka saa iishe. Mwache aje yeye. Najua Vita vya Msalaba havikuruhusu kukaa: jeshi likizubaa bila kusogelea lengo, askari wanaanza kutoroka, na ni wale wazuri unaowapenda. Njia ya kutoka hapo ni meli. Teremka pwani iliyo karibu kabisa na Yerusalemu, usiteremke Antiokia ukatembea wiki nzima kama mtalii. Kisha nenda moja kwa moja ukauzingire mji. Jeshi la Misri likitaka kuuokoa litakuja kukushambulia wewe, na wewe utakuwa mtetezi. Tahadhari moja: walio ndani ya mji nao watatoka, na wanaweza kutokea mgongoni kwako. Ukiona ramani inaonyesha hivyo, panga jeshi likiangalia pande mbili tangu mwanzo, usingoje uwaone.

Ukiwa kule, fungua orodha ya mamluki kila zamu. Nchi Takatifu ina Turkopoles wa kukodisha, wapiga mishale wa farasi wanaopigana upande wako. Wapiganaji wa Msalaba wa kweli waliwatumia sana, maana walijifunza kwa damu kwamba mwizi hukamatwa na mwizi. Viwili vinatosha, wachukue nafasi za wale wa panga. Wapo pia Mabedui wa ngamia. Farasi asiyezoea ngamia hamtaki, hata harufu yake humchukiza, na mchezo umeliweka hilo, hivyo kikosi kimoja cha ngamia kwenye ubavu ni kinga nzuri dhidi ya farasi wazito wa Misri. Tatizo lake ni kwamba farasi wako nao ni farasi. Waweke mbalimbali.

Tuje uwanjani.

Wakati wa kupanga, tafuta bahari yako. Uwanja wa mchezo huenda usiwe na bahari, lakini una mpaka, na hakuna kikosi kinachoweza kuzunguka nje ya mpaka. Rudisha jeshi lako nyuma mpaka mgongo ukaribie mstari wa mwisho. Ukipata kona, chukua kona: pande mbili zimefungwa bure. Wapo watakaokwambia huo ni uoga au ni kudanganya mashine. Mimi nasema Richard alifanya hivyohivyo na anaitwa Moyo wa Simba. Kuna gharama, usidhani hamna: kikosi kikivunjika moyo karibu na mpaka kinatoka nje haraka, hakipati muda wa kujirudi. Kwa hiyo jemadari akae katikati, karibu na watu wa miguu. Usimtume mbele.

Mikuki mbele, safu ndefu, isiyo nyembamba mno. Wapinde nyuma yao, na kama kuna kilima, hata tuta la aibu, wapinde wapande hapo. Kabla hujabonyeza kuanza, simika vigingi vya wapiga upinde mrefu, ile miti yenye ncha ya kuzuia farasi, kwa sababu vita vikianza nafasi hiyo imepita. Visimike mbele ya ile sehemu unayotaka farasi wao wazito waje. Kisha kumbuka vilipo, usije ukapitisha farasi wako mwenyewe juu yake. Na mikuki usiipange katika lile duara la kujihami. Linapendeza kutazama, lakini duara lililosimama chini ya mvua ya mishale ni sinia la chakula. Farasi wanne waweke nyuma kabisa, wamesimama, mbali na mishale. Wamesimama, nimesema. Kila dakika wanayosimama ni hela inaingia benki.

Vita vimeanza, sasa fanya kazi ngumu kuliko zote katika mchezo huu: usifanye kitu. Watakuja, watapiga. Vikosi vya mbele visivyo na ngao viweke katika safu ya kuachana, mishale ipite katikati. Wapinde wako waelekeze kwenye kikosi kimoja cha wapiga mishale wa farasi kwa wakati mmoja, wote sita, mpaka kikimbie, kisha kingine. Usiwaache kila mmoja achague wake. Kikosi kilichopoteza nusu ya watu kwa dakika moja kinavunjika moyo, lakini vikosi vitano vilivyopoteza kumi kumi vinaendelea kukusumbua. Simamisha mchezo mara nyingi upendavyo, toa amri, endelea. Hakuna anayekutazama.

Watu wako watakufa, na kidole kitakuwasha. Mpe kidole kazi nyingine. Mishale yao ina hesabu: kila kikosi kina idadi yake, na hakuna ngamia 70 wa Imad ad-Din kwenye simu yako. Ikiisha, mashine haiwarudishi nyumbani, huwaleta kupigana kwa mkono, farasi wepesi dhidi ya mikuki yako iliyosimama muda wote imepumzika. Utafurahi.

Wawili wa kuwaangalia kwa jicho la pekee. Wa kwanza ni wale watupa vyungu vya moto, Naffatun. Masafa yao ni mafupi lakini wakifika wanaunguza kikosi kizima. Ukiwaona, wapinde wote wawageukie hao kwanza, hata kama kuna mwingine anakuumiza. Wa pili ni wapiga mishale wa farasi wa Kimamluki (Mamluk Archers), si mamluki wa kukodi. Usiwachanganye na Mabedui. Hawa wana deraya, na ukiwakamata hawakimbii kama sungura, wanageuka na kupigana vizuri. Kikosi chako kimoja cha farasi hakitoshi kwa kikosi chao kimoja. Wapige kwa mishale mpaka wapungue, au tuma vikosi viwili kwa kimoja.

Halafu, wakati wako utafika. Utaujua hivi: farasi wao wazito wamenasa kwenye mikuki na vigingi, hawana pa kurudi kwa haraka. Hiyo ndiyo Arsuf yako. Wachukue farasi wanne, wazungushe kwa mwendo wa kutembea, narudia, kutembea, mpaka wawe ubavuni au mgongoni mwa adui na safu yao imenyooka. Toa amri ya kushambulia bila kuwalazimisha kukimbia. Wakikaribia watainamisha mikuki wenyewe na kuongeza kasi wakiwa pamoja. Ukiwalazimisha mbio kutoka mbali wanafika mmojammoja, mikuki iko juu, na shambulio linakuwa msukumano wa kwenye daladala. Wakigonga, hesabu mpaka kumi, kisha watoe, wapange upya, waachie pumzi, rudia. Jemadari wa Misri naye mara nyingi hujitosa mapema. Akinasa, wanne wote kwake. Akifa, utaona bendera nyeupe zikichipuka kama uyoga baada ya mvua.

Wakianza kukimbia, tuma Turkopoles wawafukuze. Farasi wa deraya wabaki. Hapa ndipo nimepoteza ushindi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: adui anakimbia, unatuma kila mtu, vikosi viwili vya adui vinajirudi nyuma ya kilima, na farasi wako wanafika pale wamekwisha.

Kuna mbinu nyingine, ya kuwabana wapiga mishale wa farasi kwenye mpaka wa uwanja. Tuma vikosi viwili vya Turkopoles kutoka pande mbili, polepole, waendelee kurudi nyuma mpaka wakose pa kurudi, mashine inachanganyikiwa. Inafanya kazi. Mimi siitumii sana kwa sababu inahitaji macho mawili mahali pawili, na kwenye kioo cha simu hayo huna.

Ukipata wikendi, anza kampeni ya pembeni na Misri, hata zamu 15 tu. Weka wapiga mishale wa farasi katika ule mtindo wa kuzunguka duara huku wakipiga, uone unavyovuruga shabaha ya adui na unavyovuruga yako pia. Pigana na jeshi lolote la Ulaya lililojaa farasi wazito. Utakaa unasubiri kitu kimoja tu: yule upande wa pili atume farasi wake. Akituma, utasikia raha ambayo Wamisri wameisikia mara tano kwa sababu yako. Asipotuma, utaanza kutokwa jasho wewe.

Na kuanza upya? Hapana. Rudi kwenye ule mchezo uliouhifadhi zamu tatu nyuma, meli zikiwa baharini. Vikosi saba vya farasi viteremshe kwenye kisiwa au mji wako wowote, vikalinde huko, usiwahurumie. Kwa kuwa huwezi kupata wapiga upinde mrefu zaidi katikati ya bahari, jaza nafasi hizo kwa mamluki wa miguu na Turkopoles utakaowakuta ufukweni, hata mahujaji wa kujitolea wa Vita vya Msalaba, ambao hawajui kupigana ila wanajua kusimama mbele ya mshale uliokuwa umtoboe mtu wa maana. Ni ukatili, lakini Papa kaahidi pepo. Kisha Yerusalemu moja kwa moja, zingira, subiri.

Ukishinda, niandikie farasi wangapi kati ya wale wanne wamebaki. Wakiwa chini ya wawili, ulikimbia tena.